Gundi ya Betri ya Mama

Maabara, Jumatano, 4 Machi

Mdogo wangu Randa,

Salamu kwanza, ingawa maswali ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Mimi mzima, nachoka tu.

Usishangae kupata barua wakati juzi tumeongea. Simu yako ina sauti kama ya mnadani, na Mama habanduki pembeni yako. Nikikuuliza jambo la siri, yeye ndiye wa kwanza kulijibu. Kwa hiyo salamu zipite kwenye simu, na maswali yapite kwa dereva wa lori la maziwa.

Swali langu: lile sanduku uliloichongea betri ya mashine ya oksijeni, kifuniko chake bado kinafunga? Usicheke. Nakumbuka ulivyojisifu kwamba hata karatasi haipiti kati ya betri na ubao. Siku hizi nailalia hiyo karatasi, naiamkia. Kifungue, chungulia, uniambie kama betri imekaa sawa au imetuna tumbo.

Ni utafiti tu, usimtie Mama wasiwasi. Betri za kawaida upande wake hasi hutengenezwa kwa unga wa kaboni. Sisi tumechanganya na unga wa silikoni kwa sababu unabeba chaji nyingi zaidi, ndiyo maana betri ya Mama ni ndogo kama matofali mawili na bado inaiendesha mashine yake. Lakini silikoni ina tabia mbaya. Ukiichaji inafura, hata mara tatu ya ukubwa wake, na ukiitumia inanywea. Kinachouzuia unga huo usimeguke ni gundi ya polima, ambayo nimeichagua mimi mwenyewe. Inatiwa kidogo mno, kama chumvi kwenye sufuria, lakini pasipo hiyo hakuna betri. Ikiwa laini mno, haishiki. Ikiwa ngumu mno, unga ukifura inapasuka. Mwaka mzima nimeutumia kutafuta ya katikati, na mkuu wa maabara aliporidhika na majaribio akaniruhusu nilete betri moja nyumbani. Uliona nilivyoibeba, kama kichanga.

Basi chungulia. Na uniambie Mama anapumuaje, ukweli, si ule wa kwenye simu.

Dada yako


Karakana, Jumatatu, 9 Machi

Dada Profesa,

Barua nimeipata, imenukia maziwa. Dereva anakusalimu, anasema ukiendelea hivi atadai stempu.

Kifuniko kinafunga kama siku ya kwanza. Hivi unadhani jina la Randa nilipewa kwa kuuza nyanya? Sanduku langu halijawahi kuachama mdomo mbele ya watu.

Na hiyo betri yako ni kiboko! Mvua hizi umeme unakatika karibu kila siku. Ijumaa ulikatika asubuhi, mimi nikaenda zangu kazini, umerudi jioni nikiwa ndiyo kwanza naingia. Nikachungulia zile taa tano za kijani za kuonyesha chaji. Zote zinawaka, Dada, hata moja haijazimika! Mashine imenguruma mchana kutwa na betri kama haijaguswa. Mafundi wenzangu nimewaambia, wanasema nawapiga fiksi.

Mama hajambo. Nilimkuta dirishani, akasema anapunga upepo. Sauti imepungua kidogo, lakini ya kunisema bado anayo. Jana kanisema kwa ajili ya viatu mlangoni mpaka akapumzika katikati, halafu akaendelea pale pale alipoachia.

Kumbe wewe na mimi kazi yetu moja, gundi! Marehemu Baba angecheka. Alikupeleka shule ukimbie karakana.

Randa


Maabara, Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara nakwama kwenye zile taa tano. Haiwezekani. Mashine ya Mama ina njaa. Umeme ukikatika asubuhi, kufika jioni ingebaki taa moja, au kiza kabisa. Labda kipimo kimeharibika na kinaonyesha uongo. Kiangalie tena.

Nikuambie ninachokiona hapa. Kwenye rafu tuna betri ndugu na hiyo ya Mama, za siku moja na gundi ile ile. Zile zinazochajiwa na kutumika kila siku ziko salama. Zilizojazwa zikawekwa tu ndizo zinazofura. Nadhani najua kwa nini. Silikoni ikijaa na kubaki imejaa, gundi nayo inabaki imevutwa mchana na usiku, kama mtu aliyepewa gunia abebe na hakuna anayemwambia tua. Inachoka. Inaachia huku, inaachia kule, unga unapata nyufa, na kila ufa unaanika uso mpya ambao unagombana na kile kimiminika cha kupitishia chaji kilichomo ndani. Ugomvi wao unatoa gesi. Hapo ndipo betri inapotuna.

Gundi yangu ilipimwa kwa kazi, Randa. Sikufikiria kuipima kwa kukaa bure. Ingekuwa mbao imeachia, wewe ungejua la kufanya. Mimi bado natafuta.

Najipa moyo kwamba ya Mama inatumika kila umeme ukikatika, kwa hiyo isingepaswa kuwa na shida. Ningekuambia usiijaze sana, lakini umeme ukikatika na betri iko nusu, Mama atapumua nini? Kila ushauri ninaouandika naufuta. Basi wewe itazame tu kila siku, na ikituna niambie, tafadhali, hata kama ni kidogo.

Dada


Nyumbani, Jumanne, 17 Machi

Mwanangu,

Mimi mama yako naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mwandiko. Ndugu yako asijue nimekuandikia. Nikikupigia simu anasimama pale kama askari wa zamu, na nikisema neno atadhani namsema.

Nakuuliza kama mtaalamu, si kama mwanangu. Betri huwa inalia? Hii ninayolala nayo chini ya dirisha inalia, ti, ti, kama bati linapopoa baada ya jua. Tena ina harufu tamu tamu, kama ile rangi ya kucha mliyokuwa mnapaka mkienda shule nami nikiwakwangua. Muuguzi aliyekuja kunipima aliuliza harufu ya nini, nikamwambia ni vanishi ya Randa. Sikutaka atoke hapa akasimulie kwamba betri ya mwanangu ina kasoro. Watu wenyewe unawajua, hawajawahi kutengeneza hata kibiriti, lakini kucheka wanajua.

Jumapili ndugu yako alikivua kifuniko akakitupa uvunguni. Kisha akaibana hiyo betri kwa vile vyuma vyake vya kubania mbao, na kila asubuhi anakuja kukaza kidogo. Anapiga mluzi akikaza. Nikamuuliza, akasema, "Mama, hii ni tiba, kaiandika Dada mwenyewe." Je, ni kweli umeiandika wewe?

Sikufichi, naliogopa hilo dubwasha. Lakini ni lako, ndiyo maana nalistahi. Nijibu upesi, na uandike kwa fumbo, maana barua zote anasoma yeye kwanza.

Mama yako


Karakana, Jumatano, 18 Machi

Dada,

Leo nikuungamie, halafu unisifu. Nilikudanganya kuhusu kifuniko. Ulipouliza mara ya kwanza kilikuwa kimeinuka unene wa ukucha. Nikaona haya, sanduku la fundi liachame mdomo? Nikakipiga randa kwa ndani, kikafunga. Kikainuka tena. Ndipo barua yako ya pili ikanifungua macho.

Umesema shida ni gundi, imeachia. Na umesema ingekuwa mbao ningejua la kufanya. Sasa si ungesema mapema! Gundi ikiachia, fundi anabana mpaka ishike. Nimeitoa betri kwenye sanduku, nimeiweka kati ya vibao viwili, nikaipiga klampu mbili za chuma. Kila asubuhi nazungusha kidogo, taratibu, kama meza ya arusi. Tumbo linarudi, Dada! Wiki ijayo itakuwa imenyooka, halafu nikupe hati ya matibabu.

Taa bado tano. Kipimo ni kizima, nimekigonga gonga.

Randa


Maabara, Ijumaa, 20 Machi

Randa,

Soma hii umesimama. Barua yako na nyingine zimenifikia pamoja leo asubuhi. Nimepiga simu mpaka kidole kimekufa ganzi, inasema hupatikani. Mnara wenu umezimika kwa mafuriko. Mabasi hayatoki. Dereva wa lori amekataa kunibeba, tajiri wake kapiga marufuku abiria. Nimelia mbele yake mpaka akakubali angalau kukukabidhi hii mkononi.

Usikaze tena. Usilegeze pia. Chomoa waya wa chaji, chomoa wa mashine. Mtoe Mama chumbani KWANZA. Kisha uibebe betri na klampu zake hivyo hivyo, bila kuitikisa, uipeleke nje, mbali na nyumba na mbali na karakana yako yenye maranda, uiweke juu ya mchanga. Usiipige, usiitoboe, usiimwagie ndoo ya maji, usikae karibu. Mama mpeleke zahanati, wana jenereta na oksijeni.

Nilikuficha, mdogo wangu. Moja ya zile za kwenye rafu iliwaka moto. Ilikuwa kabla ya barua yangu ya kwanza. Nilikuuliza habari za kifuniko kwa sababu hiyo, nikaogopa kusema, nikajiambia ya Mama inatumika, ni tofauti. Hii si mbao. Ukiibana, ile gesi haina pa kwenda, na vile vilivyomo ndani ambavyo havitakiwi kugusana vinasukumwa vigusane. Neno langu la mzaha ndilo lililokupa klampu. Mimi ndiye niliyelisema.

Mama atakataa kutoka. Mbebe.

Dada


Zahanati, Jumapili, 22 Machi

Dada,

Mama yu hai. Nimeanza na hilo.

Dereva alinikuta karakana jana, akanizuia hata kumsalimu. "Soma sasa hivi," alisema. Nilisoma nikiwa tayari nakimbia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Nilimkuta dirishani kwenye kiti. Mrija wa oksijeni uko shingoni, si puani, na mashine iko kimya. Midomo yake imekuwa kama imepakwa wino. Nikadhani betri imekufa. Nikaitazama: taa tano, zote kijani.

Nikamwambia, "Mama, inuka, tunatoka." Akasema, "Umekuja mapema leo." Nikamwambia betri inaweza kuwaka. Unajua alisema nini? Alinisukuma mimi! "Toka wewe, una maisha mbele. Mimi nimekula chumvi ya kutosha." Nikambeba juu juu kama ulivyoagiza, mwepesi, Dada, sikujua kuwa amekuwa mwepesi hivyo. Nikamweka chini ya ukuta wa jirani, nikarudi ndani.

Nimenyanyua ile betri kwa vibao vyake. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Jirani wa upande wa pili anajenga, ana rundo la mchanga, nikaenda nayo pale hatua kwa hatua huku naisikia inalia mikononi mwangu. Niliposhusha, klampu moja iliteleza. Ikatoa mvuke mweupe na mluzi mkali, nikageuka kukimbia, kisha ikalipuka moto ambao sijawahi kuuona. Umenichoma mkono wa kushoto na nyusi zote. Nafanana na yai. Mkono utapona, muuguzi kasema, na randa nashika kwa wa kulia.

Mama nimemleta kwa mkokoteni wangu wa mbao, watu wakinisaidia kusukuma kwenye tope. Sasa ana oksijeni ya hapa, rangi imerudi. Lakini muuguzi ameniita pembeni akaniuliza kwa ukali, "Huyu mama ana mashine au hana? Hii si ya leo. Moyo wake umekuwa ukihangaika kwa kukosa hewa muda mrefu." Nikamwambia mashine ipo na betri ilikuwa imejaa siku zote. Alinitazama kama mwongo.

Na mimi sielewi. Umeme umekatika tangu asubuhi, na taa tano. Wewe ndiye Profesa, nielezee.

Ndugu yako


Maabara, Jumatano, 25 Machi

Shikamoo Mama,

Nakuandikia wewe, kwa jina lako, na Randa akisoma kwanza na asome.

Mkuu wa maabara nimemweleza kila kitu. Zile za kwenye rafu zimemalizwa chaji zote, hakuna tena atakayepewa mpaka nipate gundi inayoweza kuvutwa ikakaa bila kuachia. Mabasi yakianza kutoka nakuja. Lakini siwezi kusubiri mabasi kwa swali hili moja.

Kipimo hakikuwa kibovu, sivyo? Zile taa tano zilikuwa zinasema kweli. Mama, umeme ulipokuwa ukikatika, ulikuwa unaitumia ile betri?

Sikugombezi. Nataka kujua tu.

Mwanao


Zahanati, Jumamosi, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ndugu yako amenisomea barua zako zote, ile ya unga na gundi kaisoma mara mbili kwa sababu nilimwambia arudie. Nimeielewa kuliko mnavyodhani.

Hapana, sikuitumia.

Siku ulipoileta uliniketisha kitandani ukanieleza. Ulikuwa na furaha, sikutaka kukukatiza. Ulisema kila betri ina idadi yake ya kujaa na kuisha, ikiitimiza imechoka, ila hii yako imezidi za wengine. Wewe ulikuwa unajisifu. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba itaisha. Na umeme wenyewe unakatika kila uchao. Nikasema moyoni, huyu mtoto ametumia mwaka mzima kuitengeneza, mimi nisiimalize kwa vishida vidogo. Nitaiweka kwa siku ya shida kubwa. Unanijua, ile seti ya vikombe uliyoninunulia kwa mshahara wako wa kwanza bado imo kwenye karatasi yake.

Basi umeme ukikatika na ndugu yako akitoka, nachomoa waya wa mashine, nakaa dirishani, napumua hii ya bure. Nikisikia miguu yake narudisha waya. Siku nyingine kichwa kilikuwa chepesi, kuta zinacheza. Nilikuwa nahesabu vyuma vya dirisha mpaka umeme urudi. Nilijiambia, leo nimemwokolea mwanangu siku moja.

Kumbe ndiyo nilikuwa naiua. Ingefanya kazi ingeishi, na mimi ningekuwa mzima. Nimelia, sitakuficha, nimelia mpaka muuguzi akapandisha oksijeni. Ningemuua na ndugu yako.

Muuguzi anasema moyo hautarudi ulivyokuwa, ila nikitumia mashine mchana na usiku, bila ubahili, nina maisha bado. Bila ubahili, kasema hivyo mbele ya Randa, na sasa hilo ndilo neno la Randa la kila siku. Amenichongea sanduku jipya, halina kitu ndani, lina nafasi ya mkono mzima kila upande. Jana alifungua vile vikombe, kavileta hapa, nikanyweshwa chai kwa nguvu. Kimoja ameshakivunja.

Wewe usiiache hiyo kazi kwa ajili yangu. Tafuta gundi yako. Ukiipata, uniletee nyingine, sitaiogopa. Ila siku hiyo usiniambie ina siku ngapi. Ichomeke tu, ukae nami, tuitumie.

Mama yako